Rada Inapohesabu Mapigo ya Moyo

Msikilizaji, sauti hii imekufikia kwa mawimbi ya redio, na kama umefungulia FM, kila wimbi lina urefu wa mita 3 hivi. Yamepenya ukuta wa nyumba yako, mengine yamekwenda kwa jirani, mengine yamekugonga wewe hapo ulipoketi yakarudi yalikotoka. Hayo yaliyorudi hakuna aliyeyajali, wala mimi huku studio siyaoni. Lakini siku hizi vipo vifaa vidogo, vingine havifiki ukubwa wa kiberiti, ambavyo kazi yake ni kurusha mawimbi na kuyapokea yakirudi kutoka kwenye kifua cha mtu, kisha kutamka: moyo wa huyu unapiga mara 68 kwa dakika. Bila waya, bila mkanda, bila kubana kidole, na mtu mwenyewe akiwa amejifunika shuka. Hiyo ni rada, ndugu yangu, ya ukoo mmoja na ile inayoongoza ndege pale uwanjani, na ndiyo mada yetu jioni ya leo.

Rada na mwili wa binadamu vina historia ya ajabu kidogo, na inaanzia kwenye redio. Mwanzoni mwa mwaka 1935, Uingereza ilikuwa na hofu kubwa ya ndege za kivita za Ujerumani. Wizara yake ya mambo ya anga ikamwendea mwanasayansi Robert Watson-Watt na swali: je, mawimbi ya redio yanaweza kugeuzwa kuwa miali ya kuua? Watson-Watt akampa msaidizi wake, Arnold Wilkins, hesabu iliyofichwa-fichwa. Inahitajika nguvu kiasi gani ya redio kupasha joto lita nne na nusu za maji, zikiwa umbali wa kilomita 5 na kimo cha kilomita 1, kutoka nyuzi 37 hivi hadi karibu nyuzi 41? Wilkins hakuchukua muda kung'amua. Lita nne na nusu zilikuwa kadirio la damu ya mtu mzima, na nyuzi 37 ni joto la mwili. Alikuwa anaulizwa namna ya kumtia rubani homa ya kumwangusha kutoka angani.

Jibu lilikuwa haiwezekani. Nguvu iliyohitajika haikuwepo popote. Ila Wilkins alikumbuka kwamba mafundi wa Posta walikuwa wamelalamika: ndege ikipita karibu, mawasiliano yao ya redio huvurugika. Kama ndege inavuruga wimbi, basi wimbi linaweza kuisaliti ndege. Tarehe 26 Februari 1935 wakaegesha gari lao shambani, karibu na mitambo ya BBC ya Daventry, ile ile ya masafa mafupi iliyokuwa ikipeleka vipindi kwenye makoloni. Hawakujenga mtambo wowote wa kurushia. Walitumia wimbi la kituo hicho cha redio, la urefu wa mita 49, na ndege aina ya Heyford ilipokatiza, alama kwenye kioo chao ikacheza. Waliiona hadi umbali wa kilomita 13 hivi. Kila nikifikiria jambo hilo natabasamu: rada ya Waingereza ilijaribiwa kwa mara ya kwanza kwa kuazima matangazo ya redio.

Kwa hiyo chombo hiki kilianza na swali juu ya damu ya mtu, kikakimbilia kwenye chuma cha ndege, na kikachukua miaka 40 kurudi kwenye mwili. Mwaka 1975 James Lin, nchini Marekani, alichapisha utafiti wa kupima pumzi kwa mawimbi ya mikro bila kugusa. Mwaka 1986 Kun-Mu Chen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan wakaeleza mtambo wa gigahezi 10 ulioweza kunasa mapigo na pumzi za mtu aliyelala chini umbali wa mita 30 hivi, au aliye nyuma ya ukuta wa matofali ya saruji. Walichokuwa wakitafuta ni njia ya kumjua askari aliyeanguka uwanjani, kama yu hai, kabla hujamtuma mwingine akafe kwa kumfuata maiti. Kisha, kuelekea Olimpiki ya Atlanta ya 1996, wahandisi wa Georgia Tech wakatengeneza rada ya kupima moyo wa wapiga upinde na walenga shabaha, kutoka umbali unaozidi mita 10. Mpiga shabaha hodari huachia risasi katikati ya pigo na pigo, kwa sababu pigo lenyewe linatikisa mkono. Ukimfunga waya kifuani, umeshamharibia shabaha.

Sasa inafanyaje kazi? Hapa naomba utulie kidogo, maana uzuri wote wa jambo uko hapa, na matatizo yake yote pia.

Rada ya chumbani haiuoni moyo. Nalirudia hilo kwa sababu matangazo ya biashara hupenda kuchora miali inayopenya kifua hadi kwenye moyo mwekundu. Katika gigahezi 60, masafa yanayotumiwa sana na vifaa hivi, wimbi linapita kwenye shuka na shati bila shida, lakini likifika kwenye ngozi haliingii hata milimita moja. Linagonga na kurudi. Rada inachoona ni ngozi ya kifua ikisogea. Moyo ukipiga, ngozi hiyo husogea kwa kiasi cha nusu milimita, mara nyingi chini ya hapo. Hutaona kwa jicho. Ungewezaje kupima nusu milimita kutoka upande wa pili wa chumba?

Siri ni urefu wa wimbi. Wimbi la FM la mita 3 lisingefaa kitu. Wimbi la gigahezi 60 lina urefu wa milimita 5 tu. Ngozi ikisogea nusu milimita kuelekea kifaa, safari ya wimbi, kwenda na kurudi, imefupika kwa milimita nzima, yaani moja ya tano ya urefu wa wimbi lenyewe. Kifaa hakihesabu muda wa mwangwi peke yake. Kinaangalia wimbi limerudi likiwa hatua gani ya mzunguko wake, kileleni, bondeni au njiani. Moja ya tano ya mzunguko ni tofauti kubwa kwa umeme wa leo. Upande wa kuhisi, kwa kweli, kazi imeisha. Mtambo wa bei ya chini unaweza kuhisi ngozi yako inavyosogea.

Kazi haijaisha upande wa kutenganisha, kwa sababu kifua kina mwenye nyumba mwingine, na ni mkubwa: pumzi. Kupumua kwa kawaida kunasogeza kifua milimita 4 hadi 12. Moyo ni nusu milimita. Fikiria mtumbwi unaopandishwa na kushushwa na mawimbi pale bandarini, na ndani yake mtu anagonga ubavu wa chombo kwa kidole kimoja. Wewe uko ufukweni, umeambiwa uhesabu anagonga mara ngapi kwa kuutazama mtumbwi.

Utasema: si taabu, mtu hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, moyo hupiga 60 hadi 100, basi tuchuje. Tuondoe mwendo wa taratibu, tubaki na wa haraka. Ndivyo walivyofikiri na wahandisi wa mwanzo, na ndipo hesabu ilipowatega. Kifua hakipandi na kushuka kwa ulaini wa mchoro wa kitabuni. Kuvuta pumzi ni haraka, kuitoa ni polepole, kisha kuna kituo kifupi. Mwendo usio laini namna hiyo, ukiuchambua, unakuta una vivuli vyake: mwendo wa mara mbili, wa mara tatu, wa mara nne. Mtu anayepumua mara 18 kwa dakika anaacha alama kwenye 18, kwenye 36, kwenye 54, na kwenye 72. Na 72, msikilizaji, ndiyo mapigo ya mtu mzima aliyetulia. Kivuli cha nne cha pumzi ni hafifu, lakini moyo nao ni hafifu. Kifaa kimeandika 72 kwenye kioo. Ni moyo, au ni pumzi imevaa kanzu ya moyo?

Sehemu kubwa ya tafiti za fani hii ni mapambano na swali hilo moja. Wengine wanakifundisha kifaa kutambua sura ya pigo badala ya kasi yake, kwa sababu pigo la moyo ni la ghafla na pumzi ni ya kuteleza. Wengine wanaipima pumzi kwanza, wanakokotoa vivuli vyake, wanavitoa. Wengine wanatumia antena nyingi ili kuchagua sehemu ya mwili ambako pumzi haina nguvu sana. Wamefika mbali. Mwaka 2015 kundi la Dina Katabi na Fadel Adib pale MIT lilionyesha mtambo uliopima pumzi na mapigo ya watu walio umbali wa mita 8, au hata chumba kingine, na kwa usahihi wa asilimia 99.

Hiyo asilimia 99 inapendwa sana na magazeti, basi tuiguse. Kwanza ni wastani wa kati: nusu ya vipimo vilikuwa vizuri kuliko hapo, na nusu vilikuwa vibaya zaidi, na ni hiyo nusu ya pili inayomhusu mgonjwa. Pili, ni kwa watu waliotulia: wanaotazama televisheni, wanaochapa kwenye kompyuta, waliolala. Mtu akinyanyuka kwenda kuchukua maji, mwendo wa mwili unauzidi ule wa moyo mara elfu, na kifaa cha heshima kinanyamaza kusubiri atulie. Google ilipoweka rada ya gigahezi 60 kwenye kifaa chake cha kando ya kitanda, Nest Hub cha mwaka 2021, kwa ajili ya kufuatilia usingizi, ilimpa mtumiaji idadi ya pumzi. Mapigo ya moyo haikuyatangaza. Kampuni yenye wahandisi wa kujaza mji, ikaishia kwenye pumzi. Mimi naona huo ulikuwa uungwana, na unakueleza ni lipi kati ya mambo mawili ambalo ni gumu.

Ongeza mazingira yetu. Majaribio mengi hufanyika kwenye chumba kimoja kilichotulia, madirisha yamefungwa. Nenda wodi ya Tanga mwezi wa pili. Kuna feni ya kusimama inayogeuza shingo kushoto na kulia mara kadhaa kwa dakika, kasi ile ile ya pumzi, na panga zake ni bati. Kuna pazia linalopepea. Kuna shangazi ameketi ukingoni mwa kitanda anampepea mgonjwa kwa gazeti. Kitanda chenyewe pengine kimelaza wawili. Rada haijui yupi mgonjwa. Inajua tu kuna vitu vinasogea umbali fulani.

Basi, nani atakayefaidika? Jibu linatoka kwenye fizikia yenyewe: yule aliyelala tuli, na ambaye kumgusa kuna madhara au hakuwezekani. Watu hao wapo, na ni wengi kuliko unavyodhani.

Chukua mtoto njiti. Ngozi yake ni nyembamba kiasi kwamba gundi ya vibandiko vya waya, inapobanduliwa, hutoka na ngozi. Muuguzi yeyote wa wodi ya watoto wachanga ameliona hilo. Kifaa kinachomtazama kwa mbali kingekuwa rehema. Lakini hesabu inarudi tena. Mtoto mchanga hupumua kama mara 40 kwa dakika, na moyo wake hupiga 120 hadi 160. Vivuli vya 40 ni 80, 120 na 160. Vimeangukia pale pale. Na huku kwetu mtoto njiti mara nyingi hayuko kitandani peke yake, yuko kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, kwa ile njia ya kangaruu iliyoanzia Bogotá mwaka 1978 na ambayo leo ni kawaida katika hospitali zetu. Sasa rada inatazama mgongo wa mtoto unaopandishwa na pumzi ya mama. Moyo wa mama ukipiga 75, kivuli chake cha pili ni 150, katikati kabisa ya mapigo ya mtoto. Njia bora ya kumtunza njiti ndiyo ngumu kuliko zote kwa rada. Hilo halitatatuliwa na maabara ambayo haijawahi kumwona mama wa kangaruu. Litatatuliwa na watu wanaokaa naye wodini. Nairobi, kwenye Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, watafiti wamewahi kujaribu kwa watoto wachanga kifaa kinachowekwa chini ya godoro, ambacho hakitumii rada, kinahisi mtikisiko. Majaribio ya aina hiyo, yaliyofanyiwa humu humu, ndiyo ninayotaka kuyaona kwa rada pia.

Kuna faida nyingine ambayo sisi tuna haki ya kuisemea kwa sauti. Kile kibanio cha kidole kinachopima oksijeni na mapigo, oksimita, kinafanya kazi kwa mwanga unaopita kwenye ngozi. Desemba 2020, wakati wa Uviko, jarida la tiba la New England lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa nchini Marekani: upungufu wa oksijeni ambao kibanio hakikuuona ulijitokeza kwa wagonjwa Weusi karibu mara tatu kuliko kwa Wazungu. Chombo kilichoenea dunia nzima kwa miongo kikawa hakitusomi sawasawa. Wimbi la redio halina habari na rangi ya ngozi. Linagonga maji yaliyo ndani ya ngozi, na maji hayana rangi. Hata hivyo tusijidanganye kwa furaha: rada haipimi oksijeni hata kidogo. Inahesabu mapigo na pumzi, basi. Haitachukua nafasi ya kibanio, na atakayekuuzia kwa maneno hayo mfukuze.

Halafu kuna walio chini ya kifusi. Hapa chombo kimeshaingia kazini. Tarehe 25 Aprili 2015 Nepal ilipigwa na tetemeko la kipimo cha 7.8, na watu karibu elfu 9 wakapoteza maisha. Waokoaji waliofika Chautara walikuwa na mtambo uitwao FINDER, wa ukubwa wa begi la safari, uliotengenezwa na maabara ya NASA ya JPL pamoja na wizara ya usalama wa ndani ya Marekani. Mafundi wa JPL walikuwa wamezoea kupima mwendo mdogo wa vyombo vya angani kutoka duniani, wakachukua ujuzi huo wakauelekeza kwenye vifua. Mtambo ulinasa mapigo ya moyo kwenye majengo mawili yaliyoanguka, na wanaume wanne wakatolewa hai kutoka chini ya matofali, udongo na mbao za kina cha kama mita 3.

Huku chini ya zege rada inatumia mawimbi marefu zaidi, yanayopenya, si yale ya milimita 5. Na adui wake mkubwa ni waokoaji wenyewe. Kila anayesogea karibu anaonekana, kwa hiyo watu huambiwa warudi nyuma na watulie kwa nusu dakika mtambo ukitazama. Panya hausumbui, moyo wake unakimbia mamia ya mapigo kwa dakika. Mbuzi, kwa upande mwingine, yuko kwenye 70 na 80 kama sisi, na sidhani kama waliobuni mtambo huu kule California walimweka kwenye hesabu.

Wasikilizaji wa Nairobi wanaikumbuka Huruma. Usiku wa 29 Aprili 2016 ghorofa lilianguka kwenye mvua, watu wapatao 50 wakafa, na siku ya sita mwanamke mmoja akatolewa akiwa hai. Waokoaji walikuwa wamemfikia kwa sauti kwanza. Wakawa wanaongea naye, wanampa oksijeni na dripu, huku wakikata zege. Dar es Salaam inaikumbuka Kariakoo, ghorofa lilipoanguka 16 Novemba 2024. Katika matukio hayo yote aliyeweza kuita alikuwa na nafasi. Aliyezimia, ambaye anapumua lakini hajibu, masikio hayampati. Ni kwa huyo ambapo rada ina jambo la kusema, na kama ningeulizwa shilingi ya kwanza ya serikali zetu iende wapi katika teknolojia hii, ningesema kikosi cha zimamoto na uokoaji, kabla ya hospitali ya aina yoyote.

Najua kuna anayejiuliza juu ya mionzi. Kwa ufupi: nguvu ya vifaa hivi vya chumbani ni sehemu chache za elfu ya wati, chini mno kuliko simu unayoweka chini ya mto. Usiku mwema.

Kinachonikosesha mimi usingizi ni kingine. Mwaka 1816, Paris, daktari René Laennec aliletewa msichana mwenye dalili za ugonjwa wa moyo. Desturi ilikuwa daktari kulaza sikio kifuani mwa mgonjwa, naye akaona haya, kwa umri na jinsia ya mgonjwa. Akakunja karatasi bomba, akasikiliza kupitia hilo, na ndipo stetoskopu ikaanzia. Ilikuwa hatua ya kwanza ya kumweka daktari mbali na kifua. Ila yule msichana alijua anapimwa. Aliona bomba likija. Kila kipimo cha moyo tangu hapo, mkono kwenye kifundo, mkanda, waya, kibanio, kimekuwa na dakika ile ambapo mtu anakuona unakuja na anaweza kusema subiri. Rada imeifuta dakika hiyo. Inapita kwenye shuka, na ikiwa ya mawimbi marefu inapita kwenye ukuta.

Sisemi habari za kufikirika. Huko Wichita, jimbo la Kansas, maofisa walimfuata mtu aliyekiuka masharti ya kuachiwa, wakasimama nje ya nyumba na rada ya mkononi inayohisi hata pumzi, wakajua ndani kuna mtu, wakaingia. Kesi ilifika mahakama ya rufaa ya shirikisho, na Desemba 2014 jaji Neil Gorsuch, ambaye baadaye aliingia Mahakama ya Juu ya Marekani, aliandika kwamba kutumia chombo chenye nguvu hivyo kuchungulia nyumba bila hati kunazua maswali mazito ya kikatiba. Mwaka 2016 kundi lile lile la MIT lilitumia nafasi iliyopo kati ya pigo na pigo kukisia hisia za mtu, kama amefurahi, ana huzuni, ana hasira au ameburudika, na likapatia asilimia 87. Hebu mweke bosi kwenye picha hiyo. Mweke ofisa wa mkopo anayekuhoji huku kisanduku kimebandikwa ukutani nyuma yake.

Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya wana yao ya 2019, na zote zinazipa taarifa za afya ulinzi wa juu. Vizuri. Ila sheria hizo zinakulinda ukijua taarifa imechukuliwa. Mimi ningetaka jambo dogo na la kizamani: kila rada ya kupima mwili ipewe taa, inayowaka ikiwa inapima, na kibao kinachosomeka, kama tunavyobandika kwenye kamera. Baadhi ya magari mapya ya Ulaya yanawekewa rada ya kuhisi mtoto aliyesahaulika kiti cha nyuma, na tangu 2023 Euro NCAP inayapa alama kwa hilo. Sina ugomvi nayo, joto la gari lililofungwa linaua. Lakini rada hiyo hiyo inamwona dereva. Na taa, kusema kweli, ni bei ya senti.

Namalizia na vijana, maana najua mko mnaosikiliza. Bodi ndogo za rada za gigahezi 24 na 60 zinauzwa mtandaoni kwa bei ya chini ya simu janja ya kawaida, na mwanafunzi wa uhandisi wa Dar, Mbarara au Eldoret anaweza kuanza nayo mezani kwake. Mpime rafiki aliyekubali, huku ukimshika kifundo cha mkono na kuhesabu mwenyewe kwa saa. Mwambie apumue mara 18 kwa dakika, kisha mara 15, uone kama namba ya moyo inahama pamoja na pumzi. Ikihama, umekamata kivuli. Washa feni. Lakini kabla ya hayo yote, na hili nawaambia pia maofisa ununuzi wa hospitali ambao wameletewa kifaa kizuri chenye kioo cha rangi, anzeni na jaribio lisilogharimu kitu: wekeni kiti kitupu mbele yake, mwondoke chumbani, mrudi baada ya robo saa. Kikiwa kimeandika kwamba kiti kina mapigo 74 kwa dakika, kifungeni kwenye boksi lake kirudi kilikotoka.